Kovarieti zipi ziingie tunapolinganisha ubongo wa wapuliza mikorosho na wasiopuliza?

Shangani07 (Mtwara) anauliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Naandika mpango wa uchambuzi na nimekwama kwenye kovarieti (vigezo vya pembeni, kama umri, vinavyowekwa kwenye modeli ili kurekebisha ulinganisho).

Kazi yenyewe ni kulinganisha ubongo wa wanaopuliza dawa kwenye mikorosho na wa majirani zao wasiopuliza, vijiji vya Tandahimba na Newala. Ni picha za MRI za T1 (zinazoonyesha umbo la ubongo), watu 24 kila kundi. Picha bado hazijapigwa, ila orodha ya waliojitokeza ipo mezani, na ndiyo inayonitia wasiwasi:

Wapulizaji wana wastani wa miaka 34 (kuanzia 22 hadi 48), wanaume watupu. Wasiopuliza wana wastani wa miaka 47 (33 hadi 64), wanaume 15 na wanawake 9. Mkengeuko sanifu wa umri ni kama miaka 8 kila upande. Miaka ya shule imejazwa, isipokuwa watu 3 wameacha wazi. Mashine za MRI zitakuwa mbili kwa sababu ya foleni. Tuna dodoso la unywaji (uraka na nipa, pombe za kienyeji), na kila mtu atapimwa kolinesterasi (kimeng'enya kinachozuiwa na baadhi ya viuatilifu) kwenye damu.

Maswali yangu:

1. Niweke vyote hivi kama kovarieti? Mwenzangu anasema kovarieti haidhuru, ukizidisha ndiyo usalama.
2. Umri niutoe wastani wa watu wote, au kila kundi wastani wake? Kila mwongozo una lake.
3. Ujazo wa ndani ya fuvu: nigawanye nao, au niuweke kama safu ya modeli, yaani kovarieti?

Ubongo mzima nitatumia programu ya FSL (amri yake ya randomise), hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) nitaitoa kwa programu ya FreeSurfer.

---

Mikindani_GLM anajibu:

Nianze na la 2, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi za watu kimyakimya. Programu haikupi onyo lolote, majibu yanatoka mazuri, kumbe umejibu swali lingine.

Chukua watu wanane tu. Wapulizaji wana miaka 28, 32, 36, 40, wastani 34. Wasiopuliza 40, 44, 48, 56, wastani 47. Wastani wa wote ni 40.5. Ukitoa wastani wa wote, safu ya umri inakuwa hivi (P ni wapulizaji, N ni wasiopuliza):

```
P  N   umri
1  0  -12.5
1  0   -8.5
1  0   -4.5
1  0   -0.5
0  1   -0.5
0  1    3.5
0  1    7.5
0  1   15.5
```

Ukitoa wastani wa kila kundi kivyake, safu hiyohiyo inasomeka -6, -2, 2, 6 halafu -7, -3, 1, 9. Tazama kilichotokea: tofauti ya miaka 13 kati ya makundi imefutika kwenye safu. Modeli haijui tena kwamba kundi moja ni la vijana. Ulinganisho `1 -1 0` (yaani P kutoa N) hapo unakupa tofauti ghafi ya wastani mbili, kana kwamba umri hukuuweka kabisa. Kinachobadilika ni kelele tu, maana umri umenyonya sehemu ya mtawanyiko ndani ya kundi, hivyo thamani ya p inashuka na mtu anafurahi bure.

Kwa namba (nazitunga kwa mfano, si matokeo ya mtu): hipokampasi ya wapulizaji ina wastani wa mm³ 3,850, ya wasiopuliza 3,900, na ndani ya kila kundi inapungua mm³ 15 kwa mwaka. Tofauti ghafi ni -50. Lakini wapulizaji ni wadogo kwa miaka 13, walitakiwa kuwa *juu* kwa 15 × 13 = 195. Kwa hiyo tofauti iliyorekebishwa kwa umri ni -50 - 195 = -245. Safu ya kwanza inakupa -245, ya pili inakupa -50. Data moja, watu walewale.

Sasa watu wanachochanganya: kama mteremko wa umri ni mmoja kwa makundi yote (safu moja ya umri, kama hapo juu), kutoa wastani wa wote au kuacha umri ghafi ni mamoja kwa `1 -1 0`. Jibu ni lilelile. Kinachobadilika ni maana ya P na N zikisimama peke yake: umri ghafi unazifanya ziwe makadirio ya ubongo wa mtu mwenye miaka sifuri.

Mambo yanageuka ukiweka mteremko wa kila kundi, yaani safu nne: P, N, umri wa P, umri wa N. Hapo `1 -1 0 0` inalinganisha makundi *pale ambapo safu za umri ni sifuri*. Umri ukiwa ghafi, unalinganisha vichanga, na huna kichanga kwenye data. Utaona tofauti kubwa za ajabu zenye kosa sanifu kubwa vilevile, kwa sababu mistari miwili imevutwa miaka 22 nje ya mtu mdogo kuliko wote uliyenaye. Ukitoa 40.5, unalinganisha kwenye miaka 40.5. Ndiyo sababu kwanza unapima `0 0 1 -1`, yaani kama miteremko inatofautiana. Ikitofautiana, hakuna "tofauti ya makundi" moja ya kuripoti. Taja tofauti ikoje miaka 35, ikoje miaka 45. Isipotofautiana, rudi kwenye safu moja.

Kwenye programu ya SPM chaguo hili limejificha kwenye orodha ya kusawazisha kovarieti: chagua wastani wa jumla, si wastani wa kila kundi. Kwenye programu ya AFNI, amri ya 3dttest++, ni `-center SAME` (wastani wa wote) dhidi ya `-center DIFF` (kila kundi wastani wake). FSL haikusaidii, unatoa mwenyewe kwenye jedwali.

---

Nachingwea_Vokseli anajibu:

Mikindani kamaliza la 2. Mimi naingia kwenye jinsia, mashine na fuvu.

Jinsia: wapulizaji wanaume watupu. Wanawake wako 9, wote upande mmoja. Ukiweka safu ya jinsia, mteremko wake utakadiriwa kutoka kwa wasiopuliza peke yao, kisha modeli idhani kwamba ni uleule kwa wapulizaji. Hao wanawake 9 hawachangii chochote cha moja kwa moja kwenye ulinganisho wa makundi. Wanasaidia kidogo kukadiria umri na kelele, basi. Ningewatoa, nitafute wanaume 9 wengine, niandike waziwazi kwamba utafiti ni wa wanaume.

Mashine: kosa la kawaida ni kuandika safu P, N, M1, M2. P + N ni moja kwa kila mtu, na M1 + M2 ni moja kwa kila mtu. Matriki imepungukiwa safu moja, FSL italalamika au (mbaya zaidi) itaendelea na makadirio yasiyo na maana. Mashine mbili ni safu *moja*: 0.5 kwa ya kwanza, -0.5 kwa ya pili.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni nani anapigwa wapi. Wapulizaji wote wakienda mashine ya kwanza na wengine ya pili, hakuna safu wala ComBat (mbinu ya kusawazisha tofauti za mashine) itakayokuokoa. Tofauti ya sumaku na tofauti ya dawa zitakuwa kitu kimoja kwenye data. Kwa kuwa hujapiga picha bado, una bahati: gawa 12 kwa 12 kila mashine, na siku moja wachanganye, mpulizaji mmoja, asiyepuliza mmoja. Tarehe nayo ni mtego huku kwetu. Wapulizaji wanashinda mashambani kuanzia kama Juni mpaka Septemba. Ukisema uwasubiri wamalize, watakuja Oktoba, mabibo yameiva na uraka unamwagika. Wenzao ukiwa ulishawapiga picha Juni, umeongeza kivurugi kingine (kitu kinachochanganyika na athari ya dawa) bila kujua.

Fuvu: usigawanye. Kugawanya kunadhani kwamba fuvu likiongezeka asilimia 10, hipokampasi nayo inaongezeka asilimia 10. Haiongezeki hivyo, inaongezeka pungufu. Matokeo yake wenye vichwa vidogo wanaonekana wana hipokampasi kubwa kwa uwiano, na unajikuta umetengeneza tofauti. Weka eTIV ya FreeSurfer (makadirio ya ujazo wa ndani ya fuvu) kama safu ndani ya modeli ileile. Ila iko kwa mm³, karibu 1,500,000, huku kundi ni 0 na 1; igeuze kwanza, toa wastani wa wote na ugawe kwa mkengeuko sanifu.

Usifanye pia ile ya hatua mbili: kutoa athari ya fuvu kwanza, kuchukua mabaki, kisha t-testi kwenye mabaki. Fuvu likihusiana na kundi hata kidogo, hatua ya kwanza inaondoka na sehemu ya tofauti ya kundi, na ya pili hairudishi.

Unene wa gamba la ubongo kwa kawaida hauhitaji fuvu. Na kwa FSLVBM (njia ya FSL ya kulinganisha ujazo wa ubongo nukta kwa nukta) angalia: urekebishaji wake wa ujazo hauhesabu ile hatua ya kukuza na kupunguza kichwa kizima, kwa hiyo ukubwa wa kichwa umeshaondolewa, ukiongeza eTIV unarekebisha mara mbili. Picha za SPM zilizorekebishwa ujazo ni kinyume chake, hizo zinataka fuvu. Nimeona mtu akibeba mpangilio wa SPM akaupeleka FSL mzimamzima.

---

Shangani07:

Asanteni sana. Ratiba ya mashine naibadilisha leo. Bado kolinesterasi na unywaji. Halafu jambo moja sikulisema: umri wa baadhi ni wa kukadiria. Nikitazama orodha, 30, 35, 40 na 45 zimejaa kupita kiasi. Nikiweka kovarieti ya umri si inatosha?

---

Bi_Rutamba (Lindi) anajibu:

Mwanangu, haitoshi, na ngoja nikuonyeshe kwa nini.

Makosa kwenye umri hayaishii kuongeza kelele. Yanalalisha mteremko. Mtawanyiko wa kweli wa umri ndani ya kundi ni 8² = 64. Kosa la kukadiria likiwa na mkengeuko wa miaka 4, unaongeza 16. Mteremko unaouona unazidishwa na 64/80, yaani 0.8. Ule wa -15 wa Mikindani unakuwa -12. Sasa ulitakiwa kurekebisha 195, umerekebisha 12 × 13 = 156. Zimebaki 39 ambazo ni umri mtupu, ila kwenye jedwali lako zinasimama chini ya jina "dawa". Mhakiki hatazigundua, kwa sababu umeandika "tumerekebisha umri".

Dawa yake iko kwenye dodoso, si kwenye programu. Chukua mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa au cheti cha kliniki. Asiyekuwa navyo, muulize kwa matukio: alikuwa darasa la ngapi Mwalimu alipofariki 1999? Alizaliwa kabla au baada ya vita vya Kagera? Andika pia umri umepatikana kwa njia ipi, kisha rudia uchambuzi kwa wenye hati tu uone kama jibu linasimama.

Kolinesterasi: usiiweke. Viuatilifu vya oganofosfeti vinafanya kazi kwa kuzuia hicho kimeng'enya. Kwa hiyo kushuka kwake kuko *njiani* kutoka bombani hadi kwenye ubongo. Ukiiweka kama kovarieti unamwambia kompyuta: nionyeshe athari ya dawa baada ya kuondoa athari ya dawa. Itumie kwa swali jingine, ndani ya wapulizaji peke yao, kuona kama walioshuka zaidi wanatofautiana na wenzao. Na hapo naomba utenganishe, maana "kupuliza" si kitu kimoja. Salfa ya unga ya ubwiriunga haigusi kolinesterasi. Dawa ya maji ya mbu wa mikorosho mara nyingi ni pairethroidi (aina nyingine ya kiuatilifu), nayo ina njia yake. Mwandike kila mtu alipuliza nini na misimu mingapi. Mtu wa salfa tupu miaka kumi na mtu wa oganofosfeti miaka miwili hawakai safu moja.

Unywaji ni mgumu zaidi, na sitaki kukudanganya kwamba una jibu moja. Kama wapulizaji walikuwa wanywaji zaidi tangu zamani, ni kivurugi, kiweke. Kama wanakunywa *kwa sababu* ya kazi (wapo wanaoamini kwamba pombe inakata dawa), kiko njiani kama kolinesterasi. Toa matokeo yote mawili, lenye unywaji na lisilo nao, na useme mapema lipi ndilo la msingi. Uraka na nipa usivijumlishe kwa vikombe. Uraka ni pombe nyepesi iliyochachuka, nipa imekenekwa. Andika ujazo wa kila kimoja peke yake.

Sasa yule mwenzako anayesema kovarieti haidhuru. Frederic Lord alionyesha tangu 1967 kwamba watu wawili wakiwa na data moja, mmoja akirekebisha kipimo cha mwanzo na mwingine asirekebishe, wanaweza kufika majibu yanayopingana, na hesabu za wote wawili ziko sahihi. Miller na Chapman mwaka 2001 wakarudia kwa ukali zaidi: makundi yanapotofautiana kwenye kovarieti kwa asili yake, hesabu haiyafanyi yawe sawa. Modeli inakuuliza wapulizaji wangekuwaje kama wangekuwa wazee wa kutosha. Wako wangapi wenye zaidi ya miaka 48? Hakuna. Hapo unategemea mstari ulionyooka, si watu.

Kwa hiyo, kabla ya safu yoyote, rudi kwenye orodha. Makundi yanakutana kati ya miaka 33 na 48. Acha wasiopuliza wa zaidi ya 50, tafuta wapulizaji wa miaka 40 na kitu. Wapo, ila wengi wameacha bomba kwa vijana wao, itabidi uwafuate. Wapo pia vijana wasiopuliza, bodaboda na wavuvi.

---

Mikindani_GLM:

Naunga mkono la Bi Rutamba, na nimepiga hesabu yake. Kwa orodha ilivyo sasa, umri na kundi vina uhusiano wa kama 0.63. Hilo linapandisha mtawanyiko wa makadirio ya kundi mara 1.66, sawa na kusema watu wako 48 wanafanya kazi ya watu 29. Ukiwaoanisha kwa umri ndani ya miaka 3, bei hiyo karibu yote inaondoka, na safu ya umri bado unaiacha ndani ya modeli kwa ajili ya kelele.

Kwa ubongo mzima basi safu zako ni: P, N, umri, mashine, na miaka ya shule kama utashikilia kuiweka. Tano. Watu 48 kutoa 5, unabaki na nyuzi za uhuru (degrees of freedom) 43, hazina shida. Kwa hipokampasi ongeza eTIV.

Wale 3 wasio na miaka ya shule: usiache nafasi wazi, na usiandike 0. Kabla ya kutoa wastani, 0 maana yake ni mtu hajakanyaga darasa. Baada ya kutoa wastani, 0 maana yake ni mtu wa kawaida kabisa. Vyote viwili ni uongo. Wapigie simu.

Amri zenyewe:

```
Text2Vest design.txt design.mat
Text2Vest con.txt design.con
randomise -i GM_mod_merg_s3 -o pulizo -m GM_mask \
  -d design.mat -t design.con -T -n 5000
```

con.txt ina mistari miwili, `1 -1 0 0 0` na `-1 1 0 0 0`, kwa sababu kila ulinganisho unapima upande mmoja tu. Usiongeze `-D`, safu za P na N tayari zimebeba wastani.

---

Nachingwea_Vokseli:

Na mpangilio wa mistari! Picha zinaunganishwa kwa herufi, si kwa namba: sub-10 inatangulia sub-2. Jedwali lako la Excel limepangwa 1, 2, 3. Hapo umri wa mtu wa pili anapewa mtu wa kumi, na hakuna kitakachokuambia. Andika sub-002 na sub-010 tangu siku ya kwanza, na kwa FSLVBM weka kundi mbele ya jina kabisa. Kisha chapisha orodha ya mafaili pembeni ya design.txt, soma mstari kwa mstari na mtu mwingine.

---

Shangani07:

Nimejaribu amri kwa data ya kutunga, imekubali. Ila faili la matokeo, pulizo_tfce_corrp_tstat1, sehemu kubwa ni 0.3 na 0.4, na doa moja lina 0.98. Hilo doa si ndilo lisilo na maana kabisa?

---

Mikindani_GLM:

Kinyume. Faili la corrp linahifadhi 1 kutoa p. 0.98 ni p ya 0.02. Ila una milinganisho miwili ya upande mmoja, kwa hiyo kila mmoja unaupa 0.025: kwenye fsleyes (programu ya kutazama picha) anza kizingiti 0.975. Na 0.98 kwa pemutesheni (kuchanganya upya makundi) 5000 bado inayumba kidogo. Kwa data halisi, doa likikaa karibu na mpaka hivyo, rudia na `-n 20000` kabla hujaliandika.